Gustav Mesmer na baiskeli zenye mabawa: msanii, au mgonjwa tu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari. Nimekutana na picha ya mzee wa Kijerumani amepanda baiskeli yenye mabawa ya nailoni, na chini yake imeandikwa: Gustav Mesmer, msanii. Nilipofuatilia habari zake nikakuta kwamba alikaa hospitali za wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, hakusomea sanaa popote, na hakuna baiskeli yake hata moja iliyoruka. Mwenzangu anayefundisha fizikia anasema huyo ni mgonjwa aliyeshindwa uhandisi, na kwamba wanamwita msanii kwa huruma. Je, ni msanii kweli? Na nikitaka kumfundisha darasani, nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, asante kwa swali lako, na umfikishie shukrani mwenzako wa fizikia, maana hoja yake ni nzito kuliko nyingi ninazozisoma kwa waandishi wa sanaa. Jibu langu ni ndiyo, Mesmer ni msanii, tena msanii mkubwa, na huruma haihusiki. Ila sitaki unikubalie hivi hivi. Mzee huyu alipewa majina na watu wengine maisha yake yote: hospitali ilimwita mgonjwa, kijiji kikamwita Ikarus wa bonde la Lauter, kwa jina la kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa, na uzeeni majumba ya maonyesho yakamwita msanii. Majina yote matatu waliyaandika wengine. Yeye mwenyewe ametuachia mamia ya michoro aliyoijaza maelezo kwa mkono wake, na huko ndiko tutakakopata jibu la swali lako. Kwanza, maisha yake.

Gustav Mesmer alizaliwa tarehe 16 Januari 1903 katika mji mdogo wa Altshausen, eneo la Upper Swabia, kusini mwa Ujerumani. Ni nchi ya Wakatoliki, wakulima na mafundi wa mikono. Familia yake ilikuwa na watoto wengi na uwezo mdogo. Shule aliiacha mapema, akafanya vibarua katika mashamba ya watu, kama vijana wengi wa hali yake katika miaka ya vita kuu ya kwanza. Baadaye akaingia monasteri ya Wabenediktini ya Beuron, kwenye bonde la mto Danube, akakaa huko kama bruda kwa takriban miaka sita.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu watu hupita haraka. Beuron haikuwa monasteri ya kawaida. Tangu karne ya 19 watawa wake walikuwa na mtindo wao wa kuchora, wa maumbo yaliyopimwa kwa kanuni za hesabu, na michoro yao ilipamba kuta za makanisa ndani na nje ya Ujerumani. Mwanzilishi wa mtindo huo, Desiderius Lenz, alifariki humo humo Beuron mwaka 1928. Sisemi kwamba bruda Gustav alifundishwa kuchora na watawa hao. Lakini tukisema mtu "hakusoma popote", tukumbuke kwamba macho husoma hata pasipo mwalimu, na kijana huyu aliishi miaka yake ya ishirini katikati ya kuta zilizojaa picha.

Aliondoka monasteri kabla ya kuweka nadhiri za daima, akarudi Altshausen kujifunza useremala. Mwezi Machi 1929 likatokea jambo lililobadilisha maisha yake. Aliingia katika kanisa la Kiprotestanti la mji huo, ibada ya kipaimara ikiendelea, akasema mbele ya waumini kwamba kile wanachogawiwa si damu ya Kristo na kwamba yote ni udanganyifu. Kijana Mkatoliki, aliyetoka utawani bila nadhiri, anavuruga ibada ya Waprotestanti katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu: fikiria fedheha ya nyumba yake. Muda mfupi baadaye alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Schussenried, jirani na kwao. Madaktari wakaandika skizofrenia inayokua polepole. Alikuwa na miaka 26.

Hakuachiwa hadi mwaka 1964. Ni miaka 35, kwanza Schussenried, kisha kuanzia 1949 katika hospitali ya Weissenau karibu na Ravensburg. Alitoroka mara kadhaa akarudishwa. Aliandika barua kuomba aachiwe. Wakati huo huo alifanya kazi kila siku: Schussenried walimweka katika karakana ya kujalidi vitabu, na huko akapata ujuzi wa karatasi, gundi, uzi na kadibodi ambao utauona baadaye katika kila alichokitengeneza.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, haiwezi kurukwa hata ukiwa na dakika tano tu za kumzungumzia. Chama cha Nazi kilipochukua nchi mwaka 1933, moja ya sheria zake za kwanza, ya Julai mwaka huo, iliruhusu watu waliopewa majina ya magonjwa kama skizofrenia kukatwa uwezo wa kuzaa kwa nguvu. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Mwaka 1938 kazi za wagonjwa zilizokuwa zimekusanywa Heidelberg ziliingizwa katika maonyesho ya "sanaa iliyopotoka", zikatundikwa kando ya kazi za wachoraji wa kisasa ili umma uone kwamba wachoraji hao nao ni wendawazimu. Kisha ikaja 1940. Kasri la Grafeneck, juu ya milima ya Swabian Alb, liligeuzwa mahali pa kuua. Kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo watu 10,654, wagonjwa na walemavu kutoka hospitali na nyumba za malezi za kusini mwa Ujerumani, waliuawa humo kwa gesi. Walichukuliwa kwa mabasi ya rangi ya kijivu. Schussenried, alikokuwa Mesmer, mabasi yalifika na kuondoka na watu. Weissenau peke yake walichukuliwa 691.

Fomu zilizoamua nani achukuliwe ziliuliza, pamoja na mambo mengine, mgonjwa anafanya kazi gani. Mtu mwenye kazi yenye faida kwa hospitali alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki kuliko asiyeweza kazi. Mesmer alikuwa mjalidi vitabu. Alibaki.

Leo ukienda Weissenau utakuta lango la zamani la hospitali limezibwa na basi la zege, lenye ukubwa wa basi la kweli, lililopasuliwa katikati kwa urefu ili mtu apite ndani yake. Ni kazi ya Horst Hoheisel na Andreas Knitz, iliyowekwa mwaka 2007. Ndani yake yameandikwa maneno aliyouliza mmoja wa wagonjwa: "Mnatupeleka wapi?" Basi la pili la aina hiyo hiyo huhamishwa kutoka mji hadi mji.

Nimekueleza haya kwa sababu moja. Mwenzako anaposema "mgonjwa", neno hilo kwetu leo ni taarifa ya afya. Katika Ujerumani ya 1940 lilikuwa hukumu. Mtu aliyekuwa akichora mashine za kuruka mle ndani hakuwa anapoteza muda.

Wazo la kuruka lilimwingia mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya kusoma katika gazeti lenye picha habari za watu waliojaribu kuruka kwa baiskeli. Daktari naye akaliingiza katika faili: mgonjwa anadai amebuni chombo cha kuruka. Ukisoma sentensi hiyo katika faili la hospitali, inasikika kama dalili ya ugonjwa. Lakini tazama kilichokuwa kikitokea nje ya ukuta katika miaka hiyo hiyo. Frankfurt ilitangazwa zawadi kwa atakayeruka kwa nguvu za misuli yake, na wahandisi wawili, Helmut Haessler na Franz Villinger, wakaunda chombo cha kukanyaga pedali ambacho mwaka 1935 kilirushwa kwa msaada wa kamba ya mpira na kwenda hewani zaidi ya mita 200. Wao waliandikwa kama wahandisi. Aliyewaza jambo hilo hilo akiwa Schussenried aliandikwa kama mgonjwa. Faili halikupima wazo, lilipima anwani.

Eneo lile pia lina historia yake. Kila mtoto wa Swabia anaijua habari ya Albrecht Berblinger, fundi cherehani wa Ulm, ambaye mwezi Mei 1811 aliruka na mabawa yake kutoka juu ya ukuta wa mji, akatumbukia mtoni Danube mbele ya umati uliokuja kumtazama. Walimcheka mpaka akafa maskini. Mwaka 1986 nakala ya chombo chake ilijaribiwa, ikaonekana kwamba kingeweza kabisa kuelea, ila mahali alipopachagua, juu ya maji baridi ya mto, hewa humvuta mtu chini. Kwa hiyo Mesmer alizaliwa katika nchi ambayo tayari ilikuwa na nafasi kwa mtu anayetaka kuruka, na nafasi hiyo ilikuwa ya kuchekwa.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 61, aliruhusiwa kuhamia nyumba ya wazee ya Buttenhausen, kijiji kilichomo ndani ya bonde la mto Lauter. Huko alisuka vikapu, na kwa mara ya kwanza tangu ujana akawa na mlango anaoweza kuufungua mwenyewe. Kutoka hapo hadi Grafeneck ni kilomita chache tu. Sina maelezo ya kuongeza juu ya hilo. Alitafuta chumba cha karakana, akaanza kuunda kile alichokuwa amekichora kwa miaka thelathini.

Tukiangalie kimoja kwa karibu. Chini ni baiskeli ya barabarani ya kawaida kabisa, fremu ya chuma, pedali, mnyororo, keria. Kwenye usukani na nyuma ya kiti amefunga vijiti vya mbao vinavyopanda juu kama nguzo za hema. Vijiti hivyo vinabeba mbavu nyembamba, na juu ya mbavu ametandaza nailoni, mara nyingi nailoni ya mifuko ya mbolea iliyopasuliwa na kuunganishwa. Vingine vina mwavuli mkubwa juu ya kichwa cha mwendeshaji badala ya mabawa ya pembeni. Waya na kamba zinatoka kwenye mabawa na kushuka kwa dereva, ili nguvu za mikono na miguu ziyafanye yapige. Hakuna kulehemu. Karibu kila kiungo kimefungwa.

Viungo hivyo ndivyo vinavyonishika mimi zaidi ya kitu kingine. Fundi wa karakana ya baiskeli angetumia bolti. Mesmer anafunga kama msuka vikapu: kijiti kinapita juu ya kingine, uzi unazunguka, unakazwa, unarudi. Nailoni ameikunja pembeni na kuishona jinsi mjalidi anavyokunja jalada kwenye kona. Kila kazi ya mikono aliyoifanya maishani ameigeuza kuwa mbinu yake. Ukiangalia bawa moja kwa makini unaona mikono ya seremala, ya mjalidi na ya msuka vikapu kwa pamoja, na mikono yote ni ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo naiita kazi yenye mtindo. Huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine yeyote.

Alizipeleka baiskeli hizo kwenye miteremko ya juu ya kijiji, akashuka nazo kwa kasi, mzee wa miaka sabini na zaidi, mabawa yakipiga. Zilikuwapo pia kazi nyingine: viatu vyenye springi chini ili mtu arukeruke anapotembea, ala za muziki za kujibunia, na mashine za kutoa sauti ya kuzungumza. Baiskeli lakini ndiyo aliyoirudia miaka yote. Alikuwa na lengo lililo wazi, la mtu wa kawaida kusafiri kutoka kijiji hadi kijiji angani kwa nguvu za miguu yake, bila petroli. Anayeyajua mabonde ya kule, jinsi barabara inavyozunguka mlima mzima kufika kijiji unachokiona kwa macho, ataelewa wazo hilo lilitoka wapi.

Sasa tumjibu mwalimu wa fizikia, kwa heshima anayostahili. Hakuna ushahidi kwamba baiskeli ya Mesmer iliwahi kwenda angani, na hesabu inaonyesha kwa nini. Mtu mwenye afya nzuri anayekanyaga pedali kwa dakika kadhaa hutoa takriban wati 250 hadi 300. Nguvu hiyo ni ndogo sana kwa kumwinua mtu, labda bawa liwe refu mno na chombo kiwe chepesi mno. Jambo hilo lilitatuliwa mwaka 1977. Mmarekani Paul MacCready aliunda Gossamer Condor, yenye mabawa ya mita 29 kutoka ncha hadi ncha na uzito wa kilo 32 hivi, na mwendesha baiskeli Bryan Allen akairusha katika njia ya umbo la nane na kushinda zawadi ya Kremer, iliyowekwa kwa ajili ya kuruka kwa nguvu za mtu. Miaka miwili baadaye Allen huyo huyo alivuka kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa chombo kingine cha MacCready, kilomita zaidi ya 35 juu ya bahari. Mwaka 1988 chombo kiitwacho Daedalus kikaenda kilomita 115 kutoka Crete hadi Santorini, kwa pedali tupu. Ukilinganisha na hayo, baiskeli ya chuma yenye mabawa ya mita chache haikuwa na nafasi. Mwenzako yuko sahihi, na ukimficha ukweli huo unamgeuza Mesmer kuwa hadithi ya kufariji watoto.

Lakini mwambie pia mambo mawili. La kwanza, ndoto yenyewe ilikuwa sahihi: mtu anaweza kuruka kwa miguu yake, na Mesmer alikuwa hai, mwenye miaka 74, siku ilipothibitishwa. La pili, chombo cha MacCready kiliundwa kwa mabomba membamba ya alumini, nyaya, utepe wa kubandika na plastiki nyembamba ili kikivunjika kirekebishwe upesi na kijaribiwe tena. Tabia hiyo, ya kujenga kwa vitu hafifu, kuvunja, kufunga upya na kushuka mlima tena, ndiyo iliyokuwa tabia ya karakana ya Buttenhausen. Kilichokosekana kule ni hesabu na fedha, na mtu wa kumwambia Mesmer kwamba bawa lake linatakiwa liwe kubwa mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo kama uhandisi, imeshindikana. Kwa nini basi niseme ni sanaa kubwa?

Njoo kwenye michoro. Kwa kawaida Mesmer huchora chombo kwa upande, mistari ikiwa imesimama wazi: magurudumu mawili, mtu mdogo juu ya kiti, mabawa yakifunguka juu yake. Mara bawa ni la popo, mara la ndege, mara ni rafadha, mara ni parachuti iliyofungwa kwenye usukani. Kisha anaandika. Maneno yanajaza nafasi zote, yanaeleza kiungo kinafanya nini, hewa inaingia wapi, mwendeshaji ashike wapi. Karatasi moja inakuwa picha, maelekezo ya fundi na barua kwa wakati mmoja. Na ingawa alichora jambo moja kwa zaidi ya miaka sitini, hajirudii. Kila mchoro una suluhisho lake, na suluhisho hilo ni la umbo kabla ya kuwa la mitambo. Angalia jinsi anavyoweka uzito wa magurudumu chini na kuacha juu pakiwa na mistari miepesi, mpaka jicho lako lenyewe linapanda. Mtu asiyejua kupanga picha hafanyi hivyo mara mia kwa bahati.

Kuna jambo lingine ambalo mimi nalipa uzito. Yeye alijiona mbunifu wa vyombo. Hakuchora ili atundikwe ukutani, na hakuunda vitu vya ajabu ili watu washangae. Alimaanisha. Ukweli huo unaonekana ndani ya kazi: hakuna pambo lisilo na kazi, hata rangi mara nyingi ipo kutenganisha sehemu na sehemu. Wasanii wengi waliosoma hutafuta maisha yao yote namna ya kuwa wakweli kiasi hicho mbele ya karatasi.

Ulaya ina historia ya zaidi ya miaka mia ya kujadili watu wa aina hii. Daktari Hans Prinzhorn alikusanya Heidelberg, kati ya 1919 na 1921, kazi zipatazo 5,000 za wagonjwa wa hospitali mbalimbali, akachapisha kitabu mwaka 1922 kilichowashangaza wachoraji wa Paris. Mwaka 1945 mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet akaipa sanaa ya watu wasiosomea jina la art brut, yaani sanaa ghafi, na mkusanyo wake ukafunguliwa kwa umma mjini Lausanne, Uswisi, mwaka 1976. Tunawadai shukrani watu hao. Bila wao kazi nyingi zingechomwa. Lakini wametuachia pia tabia mbaya, ya kupenda kazi kwa sababu ya wazimu wa aliyeifanya. Hapo ndipo naungana na mwenzako. Ukimwambia mwanafunzi "tazama, huyu alikuwa mgonjwa wa akili, ndiyo maana ni wa ajabu", umerudi kwenye faili la daktari, tofauti ni kwamba wewe unapiga makofi.

Kuna Mjerumani mwingine anayestahili kutajwa hapa, Karl Hans Janke, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1988 akiwa bado hospitalini Wermsdorf, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Naye aliitwa mwenye skizofrenia, naye alichora vyombo vya kuruka, maelfu ya michoro, safi kama ya ofisi ya wahandisi. Iligunduliwa mwaka 2000 kwenye dari la hospitali, miaka 12 baada ya kifo chake. Nawataja pamoja ili uone tofauti: ukiweka mchoro wa Janke kando ya wa Mesmer, hakuna anayehitaji kuambiwa upi ni wa nani. Kama ugonjwa ndio ungekuwa unachora, michoro ya watu wawili wenye jina moja la ugonjwa na ndoto moja ingefanana. Haifanani hata kidogo.

Mesmer alibahatika kuyaona matunda kidogo. Katika miaka ya 1980 kazi zake zilianza kuonyeshwa, na mwaka 1992 baiskeli yake moja ilisimama katika banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya dunia mjini Seville, Hispania. Nchi ambayo serikali yake iliwahi kuhesabu watu kama yeye kuwa maisha yasiyofaa kuishi, sasa ilijitambulisha mbele ya mataifa kwa baiskeli yake. Alikuwa na miaka 89. Alifariki Buttenhausen siku ya Krismasi 1994, akiwa na miaka 91, na kazi zake zinatunzwa leo na taasisi yenye jina lake.

Kuhusu darasa lako. Usianze na hospitali, wala na Grafeneck. Anza na mchoro mmoja, bila jina na bila maisha ya aliyeuchora, uwaulize wanafunzi chombo hiki kinafanyaje kazi. Wape muda. Watafuata waya kutoka kwenye pedali hadi bawani, watabishana, na katika kubishana huko watakuwa wameutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko wanavyotazama picha nyingi. Baada ya hapo waonyeshe picha ya baiskeli yenyewe ili walinganishe alichochora na alichoweza kukiunda kwa mifuko ya mbolea na vijiti.

Kipindi cha pili mpe mwenzako. Afanye nao hesabu ya wati, uzito na urefu wa bawa, awaonyeshe Gossamer Condor, na awaambie wazi kwamba baiskeli ya Mesmer isingeruka. Wakishajua hivyo, warudi kwako na mchoro ule ule, uwaulize kama umepungua thamani. Najua darasa litagawanyika, na waache wagawanyike.

Maisha yake yaje mwishoni, na kama wanafunzi wako ni wa vidato vya juu, waeleze Grafeneck bila kuipunguza makali. Waeleze kwamba fomu iliuliza kazi, na kwamba mjalidi alibaki wakati wengine, wakiwemo huenda waliojua kuchora kuliko yeye, waliondoka na basi. Kisha wape karatasi wachore chombo chao cha kuruka, kwa sharti moja: kila kiungo kiandikwe kando yake kinafanya nini, na yule wa fizikia awe darasani mnapoisoma michoro hiyo kwa sauti.